Natenda mema huku moyo umenuna, je mimi ni mnafiki?

"Habari. Nina jambo linanisumbua muda mrefu sasa. Kazini kuna mwenzangu tulianza naye wakati mmoja, juzi kapandishwa cheo mimi nimebaki palepale. Nilimwandikia meseji ya hongera nikaifuta, nikaandika tena, nikaweka na vikatuni vya kucheka, ila moyoni naungua. Bosi aliniita pembeni akaniuliza kama jamaa anafaa kuongoza timu nikasema anafaa, na ukweli anafaa. Lakini kila jioni nampigia rafiki yangu tunamchambua huyo jamaa mpaka chaji inaisha. Halafu kuna binamu yangu kila mara anaomba hela, sijawahi kumnyima, ila nikiona tu jina lake kwenye simu tumbo linavurugika na nikishamtumia nakaa na hasira siku nzima. Watu wananiita mtu mwema, mimi najiona mnafiki mkubwa. Nimesikia kwamba wema wa kweli unatoka moyoni. Sasa si bora niache kuigiza mpaka moyo wangu uwe safi?"

Nianze na hilo la mwisho manake ndo lenye madhara: hapana, usiache. Ukisubiri moyo utakate ndo uanze kutenda mema utasubiri sana, na hapo katikati watakaoumia ni wale waliokuwa wanafaidika na huo wema wako wenye kununa. Mengine inabidi tuongee taratibu, kwa sababu umeweka kwenye kapu moja mambo mawili ambayo kwa nje yanafanana, la mwenzako wa kazini na la binamu, ila mimi nikiyatazama naona yana majibu tofauti kabisa, karibu yanapingana.

Lakini kwanza hiyo shutuma ya unafiki unayojipiga nayo. Mnafiki anaonyesha wema ili apate kitu, asifiwe, aaminiwe, apewe kura, na siku hakuna anayemwona anauvua huo wema kama koti. Sasa rudi kwenye kile chumba cha bosi. Mlikuwa wawili tu, jamaa hayupo, hatajua ulisema nini, na ungetaka kumharibia ungeweza kutupa kasentensi kamoja tu, "ah, ni mzuri ila...", ukaishia hapo, basi kashachafuka. Hukukatupa. Ulisema kweli kuhusu mtu anayekuunguza roho, mahali ambapo uongo usingekugharimu chochote. Mimi kazi yangu ni kufundisha maadili na nakwambia wazi kwamba hicho ndo kitu cha maana kuliko vyote ulivyoandika, na wewe umekipitia juujuu kama vile hakina uzito. Mnafiki angefanya kinyume chake, hongera kubwa mbele ya watu na kisu pembeni. Wewe kisu hukukitoa kwa bosi. Umekitoa kwa rafiki yako jioni, hilo ntalirudia manake lina kesi yake.

Kwa hiyo kuwa na pengo kati ya unachohisi na unachotenda sio unafiki. Kila mtu mzima ana hilo pengo. Mama anayeamka saa nane usiku kumbembeleza mtoto huku amechukia usingizi kukatika, tungemwita mnafiki? Muuguzi anayemsafisha kwa upole mgonjwa anayemtukana, naye? Kuna siku nyingi maishani tendo linatangulia, hisia inafuata nyuma inachechemea, na kuna siku haifiki kabisa.

Sasa huko "kutoka moyoni" ulikokusikia. Ni kweli nusu. Aristotle, yule Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo ambaye mpaka leo ukitaka kuongelea tabia njema huwezi kumruka, alisema ukitaka kujua tabia ya mtu usiangalie matendo peke yake, angalia na raha au maumivu yanayoambatana nayo. Mtu mkarimu kweli anatoa bila kuumia. Kwa hiyo kwa kipimo chake wewe bado, sikufichi. Ila watu wakishasikia hapo wanafunga kitabu, wakati mzee aliendelea. Aliwapanga watu kwa ngazi: juu kabisa yupo ambaye anataka jema na analitenda kwa raha, chini yake yupo anayevutwa na baya ila anajizuia akatenda jema, chini tena yupo anayejua jema ila anashindwa kujizuia, na mwisho kabisa yupo ambaye baya kalichagua na wala halimsumbui. Kwenye suala la bosi na ile hongera wewe uko ngazi ya pili. Sio ya kwanza, sawa, lakini ukiacha "kuigiza" kama unavyotaka hutapanda, utateremka ya tatu, halafu huko ukikaa sana unaanza kujipa sababu, "mimi ndo nilivyo, angalau mkweli", taratibu unaizoea ya nne. Nimeona watu wengi wenye ukatili wa kawaida tu wakijisifia kwamba wao sio wanafiki. Ni sifa rahisi sana kuipata, unashusha kiwango mpaka kinalingana na moyo wako basi.

Na ujue sio wote wanaokubaliana na Aristotle hata kwenye hiyo ngazi ya juu. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, mwaka 1785 aliandika karibu kinyume chake, kwamba mtu ambaye huzuni imemkausha moyo, hana tena hamu ya kusaidia mtu yeyote, lakini bado anajikokota anasaidia kwa kuwa ni wajibu, huyo ndo thamani ya tendo lake inaonekana waziwazi, manake hakusukumwa na kujisikia vizuri. Kwa Kant meseji yako ya hongera iliyofutwa ikaandikwa tena ingepewa heshima kuliko ile ya mtu aliyefurahi bila jasho. Mimi binafsi siendi naye mpaka mwisho, naona dunia ambayo wote tunasaidiana kwa meno yaliyokazwa ingekuwa sehemu ya baridi sana kuishi, ila kwenye hili moja ana hoja, tendo lililofanywa dhidi ya upepo sio bandia.

Hapo kuna watu watakutupia ule msemo kwamba tabia ni kama ngozi, huwezi kuibadilisha, au samaki mkunje angali mbichi, na wewe ushakauka. Huo msemo wa ngozi unatumika sana kumaliza mazungumzo ila sio kweli, au tuseme una ukweli mdogo uliovalishwa nguo kubwa. Haraka ya hasira, woga, uchangamfu, kuna sehemu unazaliwa nayo. Lakini namna unavyoona mambo, unachokizingatia mwingine anapofanikiwa, hiyo inajengwa, na inajengwa na kile unachokirudiarudia. Aristotle anasema mtu anakuwa mjenzi kwa kujenga, vilevile anakuwa mwenye haki kwa kutenda haki, na ukijenga vibaya kila siku unakuwa mjenzi mbovu mwenye uzoefu. Hicho kipande cha mwisho ndo watu wanasahau, kurudia kunafunza pande zote mbili.

Na hapa ndo nataka ukae na mimi kidogo.

Hongera uliyomwandikia jamaa ilichukua muda gani, dakika mbili tatu pamoja na kufuta? Kumsifia kwa bosi, labda dakika moja. Halafu jioni mpaka chaji inaisha. Kila jioni. Unaona hesabu ilivyokaa? Wewe unadhani unafanya mazoezi ya wema mchana na moyo unakataa kujifunza, kumbe moyo ni mwanafunzi mzuri tu, unafuata lile somo lenye vipindi vingi. Kila jioni unaukalisha unaufundisha upya: alivyoongea kwenye kikao, alivyocheka, alivyojifanya anajua, yule hata ripoti yake nilimsaidia mimi. Rafiki yako anaongeza chumvi, mnacheka, na kile kicheko ni zawadi, yaani umefanya baya umelipwa papo hapo. Wakati wema wa mchana haukulipa kitu, ulikuacha na koo kavu. Sasa wewe niambie moyo utaegemea wapi.

Ndo mana sikubaliani kabisa na utambuzi uliojipa. Umesema tatizo ni ule mchana kwamba unaigiza. Mimi naona mchana uko vizuri, tatizo ni jioni. Ungetaka kuacha kitu acha kile. Na sisemi usimwambie mtu yeyote kinachokuuma, hapana, kumwambia rafiki "aisee nimeumia, nilikitaka kile cheo, najisikia nimeachwa" ni jambo jema na linatibu, na angalia tofauti yake, hapo unajiongelea wewe na maumivu yako, haiitaji saa nzima. Jaribu usiku mmoja tu uone. Utasema sentensi nne tano hivi za ukweli halafu kutakuwa na kimya kisichozoeleka, mkono utatamani kurudi kwenye "halafu unajua leo alifanyaje...", na hicho kimya ndo penye kazi yenyewe.

Kuna kingine kuhusu huo wivu. Huwa hatumwonei wivu mfalme wa mbali, tunamwonea aliye karibu, rika letu, kazi yetu, tulioanza naye mstari mmoja. Wazee wa zamani waliliona hilo mapema. Kwa hiyo kwamba ni yeye na sio bosi mkubwa wa juu kabisa haikufanyi uwe na roho mbaya ya pekee, ndo kanuni ya wivu ilivyo. Sasa kuna wivu wa maendeleo, unaumia kwa sababu wewe huna, na kuna husuda, unaumia kwa sababu yeye anacho, na ungeridhika hata akinyang'anywa tu wewe ukabaki hivyohivyo. Jiulize ukiwa peke yako, ukisikia kesho kashushwa, na wewe hupati kitu, ungelala usingizi mtamu zaidi? Kama jibu ni hapana, au hata "kidogo halafu ningejisikia vibaya", basi ulichonacho kinatengenezeka. Nenda kamuulize alifanyaje. Kweli kabisa, muombe muda, muulize maandalizi yake yalikuwaje na wewe unakosea wapi. Itauma dakika tano za mwanzo, baadae kitu cha ajabu kinatokea, yule mtu aliyekuwa picha tu kichwani kwako anaanza kuwa mtu, na mtu ni vigumu kumhusudu kuliko picha.

Tuje kwa binamu, manake huku nageuza kibao.

Philippa Foot, mwanafalsafa wa Uingereza wa karne iliyopita, aliliangalia hili fumbo la kwamba je, jema likiwa gumu kwako hiyo ni sifa au ni kasoro, akasema inategemea ugumu unatoka wapi. Maskini anaokota pesa za mtu na kumrudishia huku tumbo linamuuma njaa: ugumu umetoka kwenye hali yake, na unazidi kuonyesha alivyo mwaminifu. Mwenye nacho anaona ugumu uleule kwa sababu tu ni mlafi: ugumu umetoka kwenye tabia yake, hapo unaonyesha pengo. Mimi nalipenda sana hilo wazo kwa sababu linakuondolea ile tabia ya kujihukumu kwa jumla.

Ugumu wa kumpongeza jamaa ulitoka ndani yako, kwenye wivu, sawa. Ila ugumu wa kumtumia binamu hela unatoka wapi? Umeandika "kila mara" na "sijawahi kumnyima". Hukuandika anaumwa, hukuandika kafukuzwa kazi, hukuandika akipata anarudisha. Na hukuniambia kama hizo hela unazo. Mimi naanza kushuku kwamba hiyo hasira ya siku nzima haitokani na uchoyo, ni kengele. Kuna kitu hakiko sawa na mwili wako umekijua kabla yako. Ukarimu haujawahi kumaanisha kutoa kwa kila anayenyoosha mkono, kutoa kuna mtu wake, kiasi chake, wakati wake na sababu yake, na anayetoa bila kuchagua huyo hajazidisha ukarimu, kakosea kama anavyokosea bahili, ila upande wa pili. Hata hasira nayo ina mahali pake, mtu ambaye hakasiriki hata pale panapostahili tunamwona mpole kumbe kuna kitu kimelala.

Nikuulize kwa upole: ungemnyima, unaogopa nini? Kama jibu ni kwamba atakosa chakula, hiyo ni huruma, endelea kumpa na hiyo hasira itafutie dawa nyingine. Kama jibu ni kwamba atakusema vibaya kwa ndugu, kwamba lile jina la "mtu mwema" litachafuka, basi hapo, na samahani kwa kusema hivi, hapo ndo kuna kaharufu ka ule unafiki uliokuwa unautafuta kazini. Unanunua jina kila mwezi na unalichukia bei yake. Tena yeye hajui. Anadhani unatoa kwa roho moja, anapanga maisha yake kwa kutegemea mtu ambaye kimoyomoyo anamlaani. Kumwambia ukweli ni kumtendea haki kuliko kuendelea.

Na huo ukweli hauhitaji hotuba. "Binamu, kwa sasa siwezi, na nadhani hatuwezi kuendelea hivi kila mara, tuongee siku moja tuone unahitaji nini hasa." Basi. Usidanganye kwamba huna wakati unazo, manake uongo utakulazimisha uulinde kila akipiga. Atanuna, inawezekana sana, na wewe utajisikia mbaya kwelikweli wiki ya kwanza, na hiyo hisia usiisikilize sana, ni mazoea yanalalamika. Baada ya hapo kama kuna kiasi unachoweza kumpa bila kinyongo mpe hicho, hata kiwe kidogo, utashangaa kidogo kilichotolewa kwa moyo mkunjufu kinavyojenga undugu kuliko kikubwa kilichotolewa kwa kusonya.

Nitupie kitu kimoja pembeni, kuhusu uchovu na haraka. Mwaka 1973 watafiti wawili, John Darley na Daniel Batson, waliwapima wanafunzi wa theolojia wa Princeton, huko Marekani, wengine wakiwa njiani kwenda kuhubiri kuhusu Msamaria mwema, wakawapitisha karibu na mtu aliyejikunja mlangoni anakohoa. Wale walioambiwa wana muda, 63% walisimama kusaidia kwa namna fulani. Walioambiwa wamechelewa, 10%. Kuna wanaosema hii inaonyesha tabia haina maana, ni mazingira tu. Sifiki huko, ila najifunza kwamba mtu akijipima moyo siku ambayo anakimbizana na saa anapima haraka, hapimi moyo. Kama simu za binamu zinakukuta kazini katikati ya kazi zimerundikana, usipokee palepale, mpigie baadae ukiwa umekula na umekaa.

Kuhusu kujitathmini, naona unajitathmini sana ila kwa namna ya kujichapa. Seneca, yule mwanafalsafa wa Roma ya kale, alikuwa na desturi ya kupitia siku yake yote kila usiku taa zikishazimwa, alisema nini, alimkwaza nani, na kinachonivutia ni sauti aliyotumia: anajionya asirudie, halafu anajisamehe, analala. Fanya hivyo. Tukio moja tu kwa usiku, lichukue zima, nani alikuwepo, ulisema nini, ulitaka nini, kesho ungefanyaje tofauti, na lazima uwe na siku ambazo unachokikuta ni jema, kama lile la ofisini kwa bosi, nalo ulisome kwa utulivu uleule. Usitegemee mabadiliko ya haraka. Confucius, yule mwalimu wa maadili wa China ya kale, alisema alipofika miaka 70 ndo aliweza kufuata moyo wake unavyotaka bila kuvuka mstari, na yule ndo alikuwa mwalimu wa wenzake.

Mwisho kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi na inabidi ukae na mtu ana kwa ana. Kama hii ya kujiona mnafiki haikuachii, yaani kila tendo hata kusalimia unalikagua nia yake mara kumi, unaomba msamaha kwa watu ambao hata hawakumbuki kosa, usingizi haupo, hiyo imeshatoka kwenye maadili imeingia kwenye afya ya akili, tafuta mshauri nasaha au daktari wa akili, na ukizidi kutafakari peke yako utaichochea tu. Vilevile kama huko kubaki palepale kazini kumekufikisha mahali unajiona huna thamani au unawaza kujidhuru, usisubiri hata kesho, mwambie mtu leo. Na kwa binamu, kama kukataa kwako kunaleta vitisho, au ukigundua hela zinaenda kwenye pombe au kamari, hilo usilibebe mwenyewe, mshirikishe ndugu mkubwa mnayemheshimu wote wawili, muongee mkiwa watatu.